Yowe la Upande wa Pili

Siku mdogo wangu wa kiume aliporekodi kaseti yake ya kwanza, nyumbani kwetu tulikuwa hawa: yeye mwenyewe na gitaa lake, mimi niliye dada yake mkubwa, mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka kumi na mitano, aliyepiga debe la mafuta ya taa badala ya ngoma, bibi mzaa mama, aliyeombwa asikohoe, mfanyabiashara mmoja wa sokoni Masumbwe, mwenye redio kaseti, na kuku aliyefunikwa kwa tenga kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kuombwa. Wengine wote walikuja baadaye, wakikimbia, na nitawaeleza wakifika.

Wadogo zangu wawili niliwalea mimi. Baba alishuka kuchimba dhahabu upande wa Geita, shimo likamfunika, na mama hakumaliza mwaka. Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu alinipa ruhusa ya wiki moja kwa ajili ya msiba, na mpaka leo sijarudi; kwa daftari lake nadhani bado niko msibani. Nilishika jembe, nikalima pamba na mpunga, na katika nyumba ile niliweka sheria moja tu: hakuna mtoto wa mama yetu atakayeshuka shimoni. Mengine yote walikuwa huru kuyafanya, na mdogo wangu aliutumia uhuru huo kupiga gitaa.

Kosa lilikuwa la baba. Mgodi wa Wazungu ulipofungwa, fundi mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia baba gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri tatu. Kwenye jalada la mojawapo alikuwepo mwanaume mwenye kofia pana, amepanda farasi, na nyuma yake ng'ombe wamejaa mpaka ukingoni mwa picha. Ndani yake mtu aliimba kwa sauti ya kulia, gitaa likimfuata taratibu. Hatukujua neno hata moja. Mdogo wangu, tangu akiwa mdogo wa kuchunga mbuzi, ndiye aliyekuwa mkalimani wetu.

"Anasemaje?" bibi aliuliza mara ya kwanza.

"Anasema mke wake amemkimbia."

Bibi aliishika ile picha karibu na macho, akahesabu ng'ombe. "Na ng'ombe wote hawa? Basi ana kasoro nyingine."

Mdogo wangu alipokuwa kijana alikwenda Shinyanga mjini, akapata nafasi ya gitaa la pili katika bendi ya dansi. Alikaa huko miaka minne. Akirudi likizo alikuwa na suruali pana chini kama mdomo wa ngoma, na huzuni. Kiongozi wa bendi alikuwa akizikataa nyimbo zake. "Watu wametoa kiingilio wacheze," alimwambia, "wewe unawaletea ng'ombe wenye majonzi." Mwaka huo wa kaseti, katika zile siku ambazo sukari ilikuwa habari na sabuni ilikuwa hadithi, alirudi nyumbani moja kwa moja. Suruali alikuwa amewaachia bendi, kwa kuwa ilikuwa sare yao. Gitaa lilikuwa lake.

"Dada, nataka kaseti yangu peke yangu," alisema. "Nyimbo nane, zote nimetunga mimi. Kuna gitaa, kuna debe, na mimi naimba. Hakuna mwingine."

"Na ikikataliwa?"

Alitazama pembeni. "Rafiki zangu wote wako machimboni. Mmoja amerudi na baiskeli. Nimejipa mpaka mvua. Kaseti ikishindikana, nakwenda."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Kisha nikaenda Masumbwe kumtafuta yule mfanyabiashara.

Alikuwa mtu wa mjini, babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Aliuza vitenge vikiwepo, na visipokuwepo aliuza kaseti. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akaivaa tena.

"Dada yangu, kusema kweli mimi nyimbo za ng'ombe sizijui. Lakini watu wa huku ng'ombe wanawapenda kuliko mimi ninavyompenda wifi yenu, usimwambie. Huenda zikauzika. Ninayo kanda tupu moja, moja tu, na hiyo nyingine sijui itatoka wapi. Nitakuja na mashine mwenyewe. Mashine haitoki mikononi mwangu. Akiimba vizuri, naipeleka Kahama kwa ndugu yangu mwenye mashine mbili, zinanakiliwa. Akiimba vibaya, tumekunywa chai, tumeachana kwa salama."

Alikuja Jumamosi. Tangu asubuhi tulianika betri sita kwenye ungo, tukawa tunazigeuza kama makopa ya mihogo, kwa kuwa betri iliyochoka ikipigwa na jua hujikaza kidogo. Mdogo wangu alijaribu kila mahali: ndani sauti ilikwama kwenye nyasi za paa, chini ya mti ndege walimjibu. Mwishowe alikaa kwenye kigoda uani, mgongo kwenye ukuta wa ghala la mpunga, redio kaseti juu ya kinu kilichopinduliwa mbele yake.

"Nikibonyeza, hakuna kusema," mfanyabiashara alitangaza. "Hakuna kucheka. Bibi, shikamoo, na wewe."

"Marahaba. Mimi nitasema nini? Mimi ni maiti."

Upande wa kwanza ulipita kama maji. Nyimbo nne, na sitasema uongo, zilikuwa nzuri. Alikuwa amechukua lile gitaa la mwenye kofia pana akalitia mwendo wa dansi, na mdogo wetu akalipiga debe kwa viganja mpaka mtu akawa anatikisa goti bila kujua. Moja ilikuwa ya mtu anayesafiri na ng'ombe wake kutafuta maji, moja ya mwanamke aliyebaki Ushetu kwa wakulima wa tumbaku, na mbili zilikuwa za yote mawili pamoja. Katikati ya wimbo wa tatu bibi alitokwa na machozi na kujibana kikohozi mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Mfanyabiashara alipoisimamisha kanda, bibi akakohoa kwa dakika nzima, kikohozi cha nyimbo zote nne.

Tukageuza kanda. Wa tano, wa sita, wa saba. Betri zilianza kulegea, taa nyekundu ya mashine ikawa kama jicho la mgonjwa. Ukabaki wimbo wa nane.

Huo wa nane ulikuwa wa mchungaji aliyeibiwa ng'ombe katika nchi ya mbali, ambako hakuna wa kumsaidia. Katika zile santuri, yule mwenye kofia pana kila alipomaliza ubeti aliipasua sauti, ikaruka juu, ikashuka, ikaruka tena juu zaidi. Mdogo wangu alitaka kumalizia kaseti yake kwa sauti ile. Aliifanyia mazoezi mtoni mwezi mzima, mdomo ameuziba kwa shati ili watu wasimwone amechanganyikiwa. Kwa hiyo sisi hatukuwahi kuisikia ikiwa wazi. Na kumbe hata yeye alikuwa hajaisikia.

Sasa, kwetu yowe la ng'ombe walioibwa, tunaloliita mwano, si kelele tu. Lina njia yake: linaruka juu, linashuka, linaruka tena juu zaidi. Ukilisikia unalipokea kwa sauti yako ili jirani wa mbele alisikie, kisha unachukua fimbo na kukimbilia linakotoka. Hupati muda wa kuuliza maswali. Mtu aliyelisikia asikimbie hutozwa faini na nzengo, yaani majirani wote kwa pamoja. Aliyelipiga bure hutozwa zaidi.

Mdogo wangu alifika mwisho wa ubeti, akafumba macho, akaipasua sauti. Alikuwa ameidhamiria iende ng'ambo. Haikwenda. Koo lake lilizaliwa hapa, na lilishika njia linayoijua. Lilitoka yowe kamili, safi, la ng'ombe kuchukuliwa zizini saa hiyo hiyo.

Na bibi akalipokea.

Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwa mwimbaji. Alikuwa akimwona na gitaa mapajani. Lakini alikuwa amelipokea yowe lile tangu utotoni, na mdomo wake haukusubiri ruhusa ya macho. Alisimama, akaliitika kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo, na mama wa nyumba ya pili akalichukua kutoka kwake, na wa nyumba ya tatu kutoka kwa huyo. Kuku chini ya tenga naye akapiga lake. Mimi mwenyewe, nikijua kabisa kwamba ni wimbo, nilijikuta nimeshika jembe na niko nje ya uzio.

"Bibi!" mdogo wangu alilia. "Ni wimbo!"

"Najua ni wimbo!" bibi alisema, akishika kifua. "Mbona umeuimba hivyo?"

"Nini hiki? Nini?" mfanyabiashara aliuliza. Kutoka mashambani kulikuwa na vishindo vya miguu. Alitazama kushoto, akaona fimbo zinakuja. Alitazama kulia, akaona mikuki. Akajitazama mwenyewe, mgeni pekee katika ua ule, akapanda juu ya ghala la mpunga na kanzu yake kwa wepesi wa mtu mwembamba kuliko yeye. Mashine iliyokuwa haitoki mikononi mwake aliiacha juu ya kinu, inazunguka.

Waliingia wanaume kama arobaini. Mbele yao alikuwa mwenyekiti wa nzengo, mzee mfupi mwenye sauti ndefu, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi.

"Mwadila!" alisalimu, maana hata ng'ombe wakiibwa salamu haiachwi. "Ng'ombe wamekwenda upande gani?"

Tulikuwa na ng'ombe mmoja, jike mzee wa kulimia, naye alikuwa amesimama nyuma ya mwenyekiti akimnusa mgongo.

"Mwizi yule pale juu!" kijana mmoja alipiga kelele.

"Wallahi mimi si mwizi!" ghala lilijibu. "Mimi ni mfanyabiashara!"

"Wote husema hivyo!"

"Waulizeni wenyeji! Mimi nimekuja kunasa sauti!"

"Mnasikia? Amekuja kunasa!"

Ilibidi nisimame kati ya ghala na vijana, jembe mkononi, nieleze. Nilieleza kaseti, nikaeleza santuri, nikaeleza mwanaume mwenye kofia pana na jinsi anavyopasua sauti. Nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kunyamaza, na si kwa namna nzuri.

"Kwa hiyo," alisema mwenyekiti, akivaa kiatu cha pili polepole, "hakuna ng'ombe aliyeibwa."

"Hakuna, baba."

"Na sisi tumekimbia."

"Mmekimbia, baba. Asanteni."

"Huyu hapa," mmoja alisema, "amemwacha mkwe wake na ugali mdomoni. Mkwe!"

"Mimi nilikuwa naoga," alisema mwingine, na tulikuwa tumekwisha kuona.

Wakaenda pembeni wakateta. Hawakuchukua muda. Mwenyekiti alirudi, akamgeukia mdogo wangu. "Yowe la bure ni dume moja. Linachinjwa, wanakula wote waliokimbia. Wewe ndiye uliyeimba. Unalo dume?"

"Sina, mzee." Mdogo wangu aliliweka gitaa chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mvua imewahi. "Nitakwenda machimboni. Nipeni miezi mitatu, nitaleta."

"Huendi," nilisema.

"Dada, dume litatoka wapi?"

"Huendi. Nimesema." Nikamgeukia mwenyekiti. "Faini ya nyumba anatozwa nani? Mwenye kuimba au mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba. Lakini mwenye nyumba ni mwanaume, na mwanaume wa hapa ndiye huyu."

"Huyu nilimfundisha mimi kunawa. Baba alipofunikwa na shimo, mlikuja hapa mkaniambia, 'Sasa nyumba ni yako, jikaze.' Wewe mwenyewe ulisema, umesimama pale pale uliposimama. Kama nyumba ni yangu wakati wa kulia, ni yangu wakati wa faini. Nitozeni mimi."

Yakazuka maneno. Mmoja alisema nzengo haijawahi kumtoza msichana asiyeolewa dume zima. Mwingine alisema akitozwa leo, kesho atataka kukaa kwenye mkutano. Wa tatu alisema akae, mbona mkutano wenyewe hauna maana. Bibi, maiti wetu, alisema kwamba kama kuna mtu hapo anayejua mwenye nyumba kuliko yeye aliyemzaa mama wa nyumba, ajitokeze. Hakuna aliyejitokeza.

"Haya," mwenyekiti alisema kwa ile sauti ndefu. "Dume ni la dada. Utalipa lini?"

"Nitalipa nikivuna. Nisipovuna mwaka huu, mwakani. Lakini nitalipa, na watu wote hawa ni mashahidi."

Hapo ndipo mashine ilipofanya *tak!* Kanda ilikuwa imefika mwisho.

Tulitazamana. Mfanyabiashara aliteremka ghalani akiwa na makapi ya mpunga mpaka kwenye nyusi, akainama juu ya kinu, akashika kichwa. "Imenasa," alisema. "Yote. Na betri ndiyo hizo, zimekwisha, na kanda ndiyo hii, sina nyingine. Kijana wangu, kaseti yako imekufa."

Mdogo wangu alikaa chini. Mimi nilitazama barabara iendayo machimboni kana kwamba ilikuwa imesogea karibu na uzio.

"Imenasa nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Yowe lenu, fujo zenu, na hukumu yako, mzee."

"Hukumu yangu imo humo?"

"Neno kwa neno."

Mzee alisogea. "Hebu niisikie."

Kwa betri zile, sauti zilitoka kama za watu wanaosema wakiwa usingizini. Wimbo ulipita, yowe likapita, na wanaume watatu waliokuwa nyuma wakashika tena fimbo zao. Kisha ikaja ile sauti: *Yoowe laa buure ni duume mooja.* Mwenyekiti alisikiliza kichwa kikiwa upande, na uso wake ukalainika taratibu. Ilipokwisha alisafisha koo.

"Rudisha kidogo," alisema. "Pale nilipoanza."

Tuliirudisha mara mbili, mpaka mashine ikanyamaza kabisa. Kisha mzee akamwambia mfanyabiashara, mbele ya wote, kwamba kanda hiyo haifutwi. Akasema sheria ya kijiji ikisikika Kahama si jambo baya. Mfanyabiashara, ambaye alikuwa bado anahesabu mikuki, alisema yeye tangu mwanzo hakuwa na nia ya kufuta.

Akaipeleka. Ilinakiliwa vilevile ilivyo, na kabla ya mvua kuisha ilikuwa inapigwa kwenye mikahawa ya chai kutoka kwetu mpaka Buseresere. Nyimbo saba watu walizipenda. Wa nane waliungoja. Walikuwa wanajua kila neno la fujo ile. Vijana walimwigiza mwenyekiti, waliigiza ghala likiapa, na wasichana waliniigiza mimi nikiwa nimeshika kiuno, ingawa siku ile nilikuwa nimeshika jembe. Mdogo wangu aliitwa kuimba harusini, kisha minadani, kisha alirudi Shinyanga mjini akaimba mbele ya bendi yake ya zamani, na kiongozi wa bendi akamuuliza kama ng'ombe wale wenye majonzi bado wapo. Machimboni alikwenda mara moja. Aliitwa na wachimbaji kuwaimbia, akasimama juu, kwenye ardhi ngumu, akarudi kesho yake na vumbi la nje tu. Nilimpangusa na kumkagua kama mbuzi wa kununua.

Mimi umaarufu wangu ulikuwa wa aina nyingine. Nikishuka kwenye lori mahali nisipomjua mtu, nikifungua mdomo kuuliza bei ya chumvi, mtu aligeuka.

"Hiyo sauti! Wewe ndiye dada wa kwenye kaseti! Dume umelipa?"

"Bado."

"Ulisema ukivuna!"

"Sijavuna."

Mwaka wa kwanza ukame, mwaka wa pili viwavi. Mdogo wangu alitaka kulinunua yeye kwa pato la harusi, nikakataa. Deni nilijitwika mwenyewe hadharani, na nilikuwa nimeshazoea kukaa kwenye mkutano wa nzengo, kwenye kigoda changu, nikitoza wengine. Mwaka wa tatu pamba ilikubali. Nikanunua dume jekundu, nikalipeleka, likachinjwa. Walikula wote waliokimbia siku ile, pamoja na yule aliyekuwa akioga na yule aliyemwacha mkwe na ugali. Walikula, wakanawa, wakatafuna vijiti. Nikasimama kuaga.

"Kaa kwanza," alisema mwenyekiti, ambaye alikuwa amezeeka lakini sauti bado ndefu. "Hili lilikuwa la waliokimbia siku ile. Na waliokimbia baadaye?"

"Baadaye lini?"

"Kaseti ilipopigwa pale mkahawani mara ya kwanza, na nusu ya kijiji tulikuwa shambani. Tulikimbia. Mimi nilianguka mtaroni."

"Baba, mlikimbilia redio!"

"Tulikimbia. Sheria haiulizi tumekimbilia nini. Yowe ni la nyumba yako."

Mdogo wangu alifungua mdomo. Nilimtazama, akaufunga. Nikauliza ni wangapi, wakanyoosha mikono, na ilikuwa mingi kuliko ya watu waliokula. Nilizunguka uani nikitafuta kama kuna mashine iliyowashwa mahali. Haikuwepo. Nikasema nitalipa.

Dume hilo la pili bado sijalitoa. Ninaye mtamba mmoja, ana mimba. Akizaa dume ni lao. Akizaa jike, watangoja.